Mkaguzi wa Bima Jikoni

Habari kwamba mwenzangu ameteuliwa kuwa mkaguzi katika mamlaka mpya ya bima kule Kinshasa ilinikuta Amerika, Jeffersontown, kwenye ghala la viatu, saa ya mapumziko. Alituma picha kwa simu. Amevaa suti ya bluu, beji imening'inia shingoni, nyuma yake bendera ya nchi yetu imetandazwa vizuri kana kwamba nayo ilipigwa pasi asubuhi hiyo. Nilimwandikia, "Hongera sana mdogo wangu, Mungu ni mwema." Kisha nikafunika wali wangu, maana ulikuwa umeshanishinda.

Sitazunguka. Niliona wivu. Nimewahi kumwonea mtu wivu wa gari, na wa mtoto anayefaulu shuleni, na wivu wa namna hiyo hupita baada ya siku mbili tatu. Huu ulinikaa kooni tangu siku hiyo, nikila upo, nikisali upo.

Mwenzangu huyo tulikaa naye meza zilizogusana, Bukavu, katika kampuni ya bima. Nasema kampuni ya bima bila kutaja ipi kwa sababu ilikuwa moja tu. Kwa karibu miaka hamsini sheria ya nchi yetu haikuruhusu nyingine. Ilikuwa mali ya serikali, yenyewe iliuza, yenyewe ililipa au haikulipa, na juu yake hakukuwa na mtu wa kuiuliza kwa nini. Mwenye gari alinunua karatasi ya kubandika kwenye kioo kwa kuogopa polisi. Kwamba siku moja karatasi hiyo ingemlipa mtu fidia, wachache waliamini. Mimi nilikuwa upande wa fidia. Yeye aliletwa kwetu akiwa ametoka shule juzi, hajui hata faili linafunguliwa upande gani, nami ndiye niliyeambiwa nimfundishe.

Nikamfundisha. Nilimfundisha kusoma ripoti ya polisi, nikamfundisha kumwambia mkubwa wetu hapana kwa sauti inayofanana na ndiyo. Nikamfundisha pia jambo ambalo halikuandikwa katika kanuni yoyote, nalo ndilo chanzo cha maneno haya yote.

Mtu akigongwa na gari akafa, anayekuja ofisini kudai ni yule mwenye viatu vizuri. Huwa ni kaka wa marehemu, au baba mdogo, na karatasi zake zimekamilika: cheti cha kifo, mihuri, barua ya kikao cha familia inayosema yeye ndiye aliyechaguliwa kupokea. Unamlipa. Mwezi unaofuata anakuja mwanamke ana mtoto mgongoni na wengine wameshika kitenge chake, anakuuliza fidia ya mume wake iko wapi. Nililia na wanawake wa namna hiyo mpaka nikachoka. Ndipo nikaanza kwenda mwenyewe kwenye matanga. Nilingoja siku ya kuyaondoa, siku ambayo ndugu wote wamefika, wa Uvira, wa Kamituga, wa milimani kwetu. Nikisimama mbele yao na mbele ya mchungaji nasema kuna fidia ya gari, kila mtu ataje yeye ni nani kwa marehemu. Neno lililosemwa mbele ya ukoo mzima ni vigumu kulikana baadaye ofisini. Mkubwa wetu alinicheka, akasema napenda vyakula vya matanga. Mwenzangu alinifuata akiwa amebeba mafaili.

Kisha vita vikafika mjini. Mimi ni mtu wa milimani, sura yangu na kabila langu vilinifukuza. Yeye hakuna aliyemfukuza. Nilikimbilia Bujumbura, nikakaa kambini, nikangoja, mwishowe nikaletwa Louisville na mume wangu na watoto. Yeye alibaki kwenye meza yake, na nadhani kwenye yangu pia, maana zilikuwa zimegusana.

Mwaka 2015 serikali ilitoa sheria mpya ya bima. Niliisoma yote kwenye simu, kwa Kifaransa, ndani ya basi la kwenda ghalani, na mara mbili nilipitishwa kituo. Sasa kampuni binafsi zingeruhusiwa. Kila moja ingeomba leseni, ingeonyesha kwamba imeweka akiba ya kulipa wahanga, na juu yao wote ingekaa mamlaka ya kuwachunguza na kuwaadhibu. Ni mambo yaleyale niliyokuwa nikiyapigia kelele Bukavu mpaka wakaniita redio. Nilijisikia kama mtu aliyehama nyumba kwa sababu inavuja, halafu anasikia wamebadilisha bati.

"Kumbe mwenzako amefika mbali," mume wangu alisema jioni ya ile picha, mdomo umejaa ugali nilioupika baada ya kusimama kutwa nzima. "Na alikuwa mtoto mpole tu."

"Ndiyo," nilimjibu. "Kula."

Miezi ikapita. Siku moja akanipigia kwamba anakuja Amerika na wakaguzi wenzake kuangalia jinsi bima inavyosimamiwa. Walikuwa wamegundua jambo ambalo sisi huku tulishalijua kwa kulizwa nalo: nchi hii haina msimamizi mmoja wa bima, kila jimbo lina wake na kanuni zake. Wao walipelekwa kwa yule wa Ohio, Columbus. Ziara ikiisha alitaka kwenda Buffalo, kwa dada yake mkubwa, kwa kuwa mama mkwe wa dada huyo alikuwa amefariki Kongo na matanga yalikuwa yanakaliwa huko Buffalo.

"Yaya, njo unione," alisema; kwetu yaya ni dada mkubwa. "Na kama unaweza, unipeleke kwa yaya. Miye mu barabara za huku naogopa."

Niliomba ruhusa kazini. Mume wangu alifikiri ni upendo, na sikumsahihisha. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, na nilikitaka kama mjamzito anavyotaka udongo: nilitaka aseme mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Zawadi sikutaka, cheo nilijua kimeshapita. Aseme tu, wasikie, nirudi kwangu.

Nilimkuta Columbus kwenye ukumbi wa chini wa hoteli. Alinikumbatia kwa nguvu, akanukia vizuri. Kucha zake zilikuwa zimepakwa rangi ya mvinyo na hakuna hata moja iliyovunjika. Nikaficha zangu ndani ya mikono ya sweta.

"Yaya, umekonda," alisema.

"Ni hali ya hewa," nikasema, kana kwamba hali ya hewa hunyanyua maboksi.

Jioni hiyo Wakongomani wa Columbus walimkaribisha katika ukumbi wa kanisa lao, awaeleze sheria mpya. Nilikaa mstari wa nyuma karibu na meza ya vinywaji. Lazima niseme alieleza vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Alieleza kwamba kampuni ya serikali haifi, bali itakuwa na wenzake sokoni. Leseni haiuzwi wala haipewi shemeji. Mkaguzi ana haki ya kuingia kampuni yoyote, kufungua vitabu na kuuliza mhanga fulani mbona hajalipwa. Watu waliinamisha vichwa wakisikiliza. Mzee mmoja akasimama akauliza, "Bon, hiyo sheria ni muzuri. Lakini pesa ya mufu, mutajua aje ni ya nani? Banduguye ndiyo banakulaka yote."

Swali lilikuwa langu, lilikuja likinitafuta nyuma ya ukumbi.

Mwenzangu akatabasamu. "Papa, sisi ku Bukavu tulikuwa na njia yetu," akasema, akaanza kueleza. Matanga, ukoo mzima, mchungaji, kila mtu ataje yeye ni nani. Alisema anataka kuipendekeza kwa wakubwa wake iwe mwongozo kwa kampuni zote zitakazopewa leseni, kwamba kifo cha ajali kisilipwe kabla mtu wa bima hajaonana na familia nzima mahali pamoja. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja kando yangu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huyu binti ana akili ajabu.

Ati sisi. Nilijimiminia soda nikaimwaga nusu mezani. Kwenye matanga ya kwanza alikuwa nyuma yangu, akaniuliza kama anaweza kungoja ndani ya gari.

Kesho yake tukaondoka. Mimi niliendesha. Yeye alisifia kila kitu: barabara pana, mashamba, jinsi ninavyopita malori bila woga. Alisifia gari langu lenye mlango usiofunguka kwa ndani. Ningekuwa na moyo mwepesi ningecheka. Tulipokaribia Cleveland aliangalia nje, halafu akageuka.

"Yaya, kuko kintu kimoja inanisumbua. Ile njia, nimeijaribu bila weye. Nasimama mbele ya familia, nauliza, banajibu. Lakini kama kuko bajane babili, banasimama bote babili, kila moya na watu wake. Banabishana. Nashindwa. Na weye haukukuwa unashindwa. Ulikuwa unatoka huko nyuma umeshajua. Ulikuwa unajua aje?"

Hapo nikaelewa kwa nini nimeitwa. Nilishika usukani vizuri zaidi.

"Huku Cleveland upepo wake ni mbaya sana," nilisema. "Unatoka ziwani."

"Yaya."

"Majira ya baridi hufunga barabara hizi kabisa."

Akaachia hapo. Alijua ninanyima, nami nilijua anajua, na nilifurahi kunyima. Yeye alikuwa na beji, suti, makofi ya Columbus na meza yangu. Jibu hilo lilikuwa kitu pekee cha kazi yetu kilichokuwa bado mkononi mwangu, na sikuona sababu ya kulitoa bure kando ya barabara. Mawazo ya wale wanawake wenye watoto mgongoni yalinijia, nikayaambia yangoje. Tuliendelea hivyo, ziwa upande wa kushoto, redio imezimwa.

Nyumba ya dada yake iko East Side ya Buffalo, ghorofa mbili za mbao, kibaraza kimejaa viatu. Ndani viti vilikuwa vimepangwa kuzunguka sebule na picha ya marehemu imewekwa juu ya televisheni. Shemeji yake, mwenye msiba, alikuwa amepewa ruhusa ya siku chache na kiwanda anachofanyia kazi, Tonawanda. Wanaume walimpokea mwenzangu kwa heshima kubwa, wakamkalisha karibu na mchungaji, mtu wa serikali kutoka Kinshasa. Mimi nilimpa mfiwa mkono, nikaimba wimbo mmoja, halafu miguu yangu ikanipeleka jikoni kama ilivyozoea.

Jikoni palikuwa na wanawake watano na sufuria nyingi kuliko moto. Sikuuliza kitu. Nilivuta ndoo nikaigeuza, nikakaa, nikachukua kisu na vitunguu. Haikupita muda nikasikia harufu nzuri ya hoteli ya Columbus. Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono.

"Donc ni huku ulikuwa unakuja," alisema polepole. "Miaka yote ile. Miye nilifikiri unaenda kula."

"Nilikuwa nakula pia," nikasema.

Wanawake wakacheka. Alisita, akavua koti la suti akalitundika kwenye kitasa, akageuza ndoo nyingine, akakaa kando yangu. Magoti yetu yaligusana. Akachukua kitunguu kwa zile kucha za mvinyo, akakimenya vibaya, machozi yakamtoka akajifuta kwa kiwiko. Hakuniuliza tena lile swali. Angeuliza, nadhani ningemwambia habari za upepo.

Tulimenya. Dada yake, mwenye nyumba, alikuwa ameegemea jokofu akipanga na wengine nani alete maji, macho mekundu kwa kukosa usingizi na kwa msiba. Watoto wake walikuwa wanaingia na kutoka. Wa mwisho, mwenye miaka mitatu hivi, aliingia akilia. Alipita kando ya mama yake, akapita kando yetu, akaenda kujikita kwenye sketi ya mama mmoja Mrundi aliyekuwa anakoroga maharage, jirani wa ghorofa ya chini. Mama yule bila kugeuka akamkatia kipande cha mkate, akamfuta kamasi kwa upindo wa kitenge. Dada wa mtoto huyo, mwenye miaka minane, akafuata, akamwambia mama huyohuyo kwa Kiingereza kwamba tumbo linamuuma. "Ngoja, mwanangu, nitakupa chai," yule Mrundi akamjibu.

Niliweka kisu chini.

"Umeona?" nilimwambia mwenzangu, sauti ya chini.

"Nimeona nini?"

"Tazama hao watoto wanakwenda kwa nani."

Alitazama. Nilimwona anatazama kweli, kama alivyotazama faili la kwanza nililompa.

"Yaya anafanya kazi usiku," alisema kwa haraka, akimtetea dada yake. "Anahudumia bazee. Mchana analala. Huyu mama njo anabaki nabo."

"Najua. Simlaumu. Mimi wangu pia wamelelewa na jirani. Lakini leo gari likimuua baba wa nyumba hii, huko sebuleni utawasikia wote, na kila mmoja ataapa. Hakuna atakayemtaja huyu. Mimi nilikuwa nakaa jikoni kabla ya kusimama sebuleni. Sikuuliza nani mjane. Niliangalia watoto wa marehemu wakipata njaa wanamfuata nani, na kwa nani wanalala. Wajane wakiwa wawili, nilijua fidia ya watoto ikabidhiwe nani. Wakiwa hakuna hata mmoja, nilijua pia. Halafu ndipo nilikwenda mbele nikauliza maswali ambayo majibu yake ninayo."

Alimtazama dada yake, kisha yule Mrundi, kisha kitunguu chake. Kwao Bukavu, alikuja kuniambia baadaye, wote walijua dada wa Amerika ana nyumba ya ghorofa mbili na watoto wanaoongea Kiingereza. Machozi yake sasa hayakuwa ya kitunguu.

"Hii itaingia mu mwongozo," alisema mwishowe. "Mtu wa bima akae kwanza na banawake. Na nitasema mbele yabo bote: hii ni ya yaya wangu. Nitataja jina yako, yaya. Ku Columbus nilikosea. Nilikuona kule nyuma na ile soda."

Ndilo neno nililoliendea barabara yote ile. Nililisikia vizuri, jikoni, mbele ya mashahidi watano. Nikaona ukumbi wa Kinshasa, watu wenye beji, jina langu linatajwa, mtu mmoja anainua mkono kuuliza.

"Usinitaje," nilisema.

"Juu ya nini nisikutaje?"

"Watauliza niko wapi."

Mimi nikachukua kisu nikaendelea na vitunguu, maana vilikuwa bado vingi.

Alirudi Kinshasa. Sijui mwongozo wake umefikia wapi. Mambo ya serikali yana mwendo wake, na wakubwa wake wako wengi. Lakini kabla mwaka haujaisha alinitumia sauti iliyorekodiwa, ya siku alipokuwa anafundisha wakaguzi wapya. Niliisikiliza ghalani, mapumziko, simu sikioni ili kelele za mashine zisiimeze. Alieleza habari za jikoni kwa Kifaransa kizuri, hatua kwa hatua, bila kukosea. Aliwaambia amefundishwa na mwanamke waliyekaa naye meza zilizogusana. Jina hakulitaja, alinitii.

Swali likaja vilevile. Kijana mmoja, kwa sauti ya mtu anayetaka kuandika, aliuliza huyo mwanamke yuko wapi sasa.

Nikamsikia mwenzangu anavuta pumzi. "Yuko Amerika," alisema. "Anasimamia bima kule. Majimbo matatu, Kentucky, Ohio na New York." Ukumbi ukaguna kwa heshima, aaa, na viti vikasogea.

Nilirudisha nyuma nikaisikiliza tena. Nilimwona vizuri huyo mwanamke: ofisi yake yenye dirisha, kiti chake cha kuzunguka, watu wanaobisha hodi kabla ya kuingia, kucha zake. Anaitwa aende Columbus wiki hii, wiki ijayo Buffalo, na kote wanamngoja aseme. Mwenzangu sikumwonea wivu tena tangu saa ile. Wivu wote uliondoka kwake ukaenda kwa huyo mwanamke wa majimbo matatu, na mpaka leo uko kwake, kwa maana huyo hata picha yake sina ya kuifunga kwenye simu.

Kengele ililia. Nilimwandikia mwenzangu, "Umeeleza vizuri," nikavaa glavu, nikarudi kwenye laini ya maboksi.